Kazanjian, mutu wa uzine ya waya aliyefunga mataya ya maaskari



Safari hii tunataka kuwaelezea maisha ya munganga mumoja aliyekufa zamani. Lakini mbele ya kufika kwake, tuanze na ndugu yetu mumoja. Hatutaji jina lake, wala mahali alipotunzwa. Ku poste ya usiku chuma kilimupiga ku kidevu. Walisafisha kidonda, wakashona ngozi, wakamupa vidonge na siku tatu za kupumzika. Hakuna aliyemufungua kinywa kuangalia kama meno ya juu na ya chini yanakutana vizuri. Leo kinywa chake kinafunguka upana wa kidole kimoja tu. Bibi yake anamupikia uji kila siku, na mbele ya watu anasema kwa nafasi yake, juu maneno yake hayasikiki vizuri. Wakati sisi wa sendika tulipeleka dosie yake, tuliambiwa kama mikono na miguu yake iko nzima, basi anaweza kutumika.

Ni juu ya jibu lile tunaandika habari hii.

Munganga tunayemusema aliitwa Varaztad Kazanjian. Alizaliwa mwaka wa 1879 ku Erzincan, muji uliokuwa na Waarmenia wengi chini ya utawala wa Waottoman; leo muji ule uko mu inchi ya Uturuki. Yeye mwenyewe alikuwa Muarmenia. Miaka ile Waarmenia walikuwa wanateswa, na kati ya 1894 na 1896 waliuawa wengi sana. Mwaka wa 1895, akiwa kijana wa miaka 16, aliacha inchi yake akavuka bahari mpaka Marekani, ku muji wa Worcester, jimbo la Massachusetts.

Worcester ulikuwa muji wa mauzine, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kutengeneza waya. Chuma kinavutwa kupitia tundu, kiisha tundu ndogo zaidi, mpaka kinakuwa chembamba sawa uzi. Kijana Kazanjian aliingia mu uzine ile sawa wageni wengine waliofika bila franka. Muchana alitumika na mikono yake, mangaribi alijifunza Kiingereza na masomo mengine. Alifanya vile miaka mingi. Wale kati yetu waliosoma nyuma ya poste wanajua macho yanavyouma wakati ule. Mwaka wa 1902 masomo ya unganga wa meno ya Harvard, ku Boston, yalimupokea, na mwaka wa 1905 akapata diploma.

Kazi iliyomuvuta zaidi ilikuwa ya mataya yaliyovunjika. Hapa tueleze kidogo, juu ni jambo la kutusaidia sisi pia. Mukono ukivunjika, munganga anaunyoosha na kuufunga na plasta. Lakini taya la chini linaning'inia ku maungio mbili karibu na masikio, na kila siku mutu anakula, anasema, anapiga mwayo. Utalifunga na nini? Meno njo kipimo. Kama meno ya juu na ya chini yanakutana sawa mbele ya ajali, basi mufupa umerudi pahali pake. Munganga anazungusha waya nyembamba ku meno, kiisha anafunga meno ya chini ku meno ya juu. Taya la juu, lenye halitikisiki, linashikilia lile lililovunjika. Mugonjwa anakunywa chakula chake wiki kadhaa, mpaka mufupa unashikana. Kazanjian hakuvumbua njia hiyo, wengine walishaianza. Lakini aliifanya sana na kwa ufundi mukubwa, na ni ile waya, kitu alichokizoea tangu uzine.

Kiisha vita ya 14-18 ikafika. Mwaka wa 1915 Harvard ilituma waganga Ufaransa kusaidia jeshi la Uingereza, na Kazanjian alikuwa mukubwa wa waganga wa meno. Walipashwa kukaa miezi mitatu. Yeye alibakia mpaka 1919. Alitumika ku Camiers, kaskazini ya Ufaransa, karibu na bahari, mu hospitali ya jeshi.

Vita ile ilikuwa ya mitaro. Askari alikaa ndani ya udongo, na alipochungulia, ni kichwa kilichotoka inje. Kaske ya chuma ilipoletwa, iliokoa wengi wasipasuke kichwa, lakini uso ulibakia wazi. Tunaifahamu hali ile: kaske yetu pia inakinga kichwa, haikingi taya. Vipande vya bombe vilibeba kidevu, mudomo, pua, sehemu ya taya nzima. Wengine hawakuuawa na kidonda chenyewe. Walilazwa chali, ulimi na damu vikaanguka nyuma na kuziba koo, pumzi ikakatika.

Zamani kidonda cha uso kilishonwa mbio mbio, ngozi juu ya ngozi, hata kama mufupa wa chini haupo tena. Ngozi iliposhikana, kovu likaanza kuvuta kila kitu ndani. Uso ulipinda, kinywa kikafunga, na kuufungua tena ilikuwa kazi ya miezi. Kazanjian alianza na mufupa. Alikusanya vipande, hakutupa kile kinachoweza kupona, akavifunga na waya. Pale mufupa umepotea kabisa, alitengeneza chombo cha mupira mugumu, akakiweka ndani kushika nafasi yake, kusudi uso usianguke. Kiisha njo akarudisha nyama na ngozi juu yake. Ni sawa na kule chini: mutu hachimbi mbele kama hajasimamisha miti ya kushikilia dari.

Mu miaka ile Kazanjian alitunza majeruhi zaidi ya 3,000 wa uso na mataya. Sifa yake ilienea, na nyuma ya vita mufalme George wa tano wa Uingereza alimupa nishani kubwa ya heshima. Mutu mwengine angetosheka na nishani, akarudi kwake akapumzika. Kazanjian alirudi Boston akaingia masomo ya unganga kamili ku Harvard, juu aliona kama diploma ya meno haitoshi kwa upasuaji aliotaka kuufanya. Mutu aliyekuwa amefundisha wengine alikaa tena ku benchi pamoja na vijana. Alimaliza mwaka wa 1921, akiwa na miaka 42.

Mwaka wa 1931, alipokuwa safarini Ulaya, aliitwa Vienna juu ya Sigmund Freud, mwenye elimu kubwa ya mambo ya roho na akili. Freud alikuwa na kansa ya kinywa tangu 1923. Walikuwa wamemukata sehemu ya taya la juu, na aliishi na chombo cha kuziba tundu kati ya kinywa na pua. Chombo kile kilimutesa kila siku. Kazanjian alikaa pale kumutengenezea vingine. Alimupunguzia shida kidogo, hakuweza kuimaliza. Tunaandika hilo pia, kusudi mujue kama hata fundi mukubwa anafika mwisho wa uwezo wake.

Jambo linalotugusa sisi zaidi liko mu maandiko yake ya mwaka wa 1938, juu ya maungio ya taya yaliyofungana. Alionyesha kama kinywa kinaweza kufunga kwa njia mbili. Njia ya kwanza, maungio yenyewe yameshikana, mufupa na mufupa, ao kovu limejaa katikati. Njia ya pili, maungio ni mazima, lakini kitu cha inje kinakamata taya: kovu la shavu, nyama iliyokauka, mufupa wa shavu ulioingia ndani. Wagonjwa hao wawili wanafanana kwa macho, wote hawafungui kinywa. Lakini dawa yao si moja. Kwa wa kwanza, munganga anakata mufupa ulioshikana na kuacha nafasi, mara nyingi akiweka nyama kati kusudi usishikane tena. Kwa wa pili, anaondoa kile kinachovuta. Na wote wawili, nyuma ya upasuaji, wanapashwa kufanyisha kinywa mazoezi ya kufunguka kila siku, hata kama inauma. Kama hawafanyi, kinafunga tena.

Wamama, sikieni hili vizuri. Mutoto akianguka na kidevu, pigo linapanda mpaka ku maungio karibu na sikio. Sikio lenye usaha lisilotunzwa linaweza pia kuharibu maungio yale. Kwa mutoto shida haiishi ku chakula: taya linaacha kukomaa vizuri na uso unabakia mudogo chini ao upande mumoja.

Mwaka wa 1941 Harvard ilimuweka Kazanjian kuwa profesa wake wa kwanza wa upasuaji wa kutengeneza mwili na uso. Mwaka wa 1949, pamoja na mwenzake John Converse, alitoa kitabu kikubwa juu ya upasuaji wa vidonda vya uso. Alikufa mwaka wa 1974, akiwa na miaka 95. Yule mukimbizi wa uzine ya waya alisomesha waganga wa uso.

Sasa turudi kwa ndugu yetu anayekunywa uji. Alihitaji mambo madogo saa ya kwanza: mutu wa kuangalia meno yake, picha ya radio, na waya ya urefu wa mukono. Ndiyo sababu sisi wa sendika tunaomba mambo tatu yaandikwe mu kontra. Kwanza, kila mutu aliyepigwa ku uso aangaliwe meno na kufunguka kwa kinywa mbele ya kurudishwa nyumbani. Pili, taya lihesabiwe kuwa ajali ya kazi sawa mukono na muguu. Tatu, kama dispensere haina mutu wa kazi ile, mugonjwa apelekwe penye yuko, na kampani ilipe njia.

Nanyi wandugu, mushike haya. Mwenzenu akipigwa ku taya na damu inatoka kinywani, musimulaze chali. Akiwa na fahamu akae ameinama mbele. Kama hana, mulaze kwa upande. Kama meno hayakutani sawa zamani, kama mudomo wa chini umekufa ganzi, kama kinywa hakifunguki, asikubali vidonge tu. Arudi, na aende pamoja na delege wake.

Ndugu yetu bado ana nafasi ya kupasuliwa. Dosie yake tunaipeleka tena mwezi huu.