Elizabeth Fry: Mama Aliyeingiza Sindano Gerezani

Wiki iliyopita hosteli ubishi ulikuwa mkali. Jamaa mmoja alisema, boom limechelewa, sisi tunapiga pasi ndefu, halafu eti wafungwa wanawake wafundishwe kushona bure! Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baadaye nikajisikia vibaya, maana nasomea ualimu, na nilishasoma habari za mama mmoja aliyekutana na kejeli kama hizo miaka 200 iliyopita.

Elizabeth Fry alizaliwa mwaka 1780 mjini Norwich, Uingereza, katika familia tajiri ya dhehebu la Quaker. Aliolewa akiwa na miaka 20, akazaa watoto 11. Mwaka 1813 aliingia gereza la Newgate, London, akakuta wanawake wamebanana na watoto wao. Wanalala sakafuni, wanapika na kufua humohumo. Aliwapelekea nguo, akaondoka.

Aliporudi miaka mitatu baadaye, hakuja na msaada wa nguo tu. Alianza na shule ya watoto wao, na mwalimu akatoka miongoni mwa wafungwa wenyewe: Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa. Fikiria, mwizi anakabidhiwa darasa! Kina mama nao wakataka kujifunza. Wakubwa wa gereza wakasema haiwezekani, vitambaa na nyuzi vitaibwa tu.

Mwaka 1817 Fry na wenzake wakaunda chama chao. Hapa ndipo aliponigusa mimi mwanafunzi wa ualimu. Kabla ya kugawa sindano hata moja, aliwakusanya wale wanawake, akawasomea kanuni moja baada ya nyingine, nao wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kisha wakaanza kushona na kufuma soksi za kuuza.

Mwaka 1818 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Akaeleza kwamba wanawake wale wameshatengeneza karibu nguo 20,000, na zilizopotea ni tatu tu. Ila hakuficha kasoro: maduka yaliyonunua kazi hiyo yalilipa kidogo sana. Ufundi bila soko la haki haumtoi mtu kwenye shida, na hilo hata leo tunalijua.

Mwaka 1828 benki ya mumewe ilifilisika, familia ikayumba. Hata hivyo aliendelea. Chama chake kiliwapa vitambaa na nyuzi wanawake waliosafirishwa kwenda kutumikia vifungo Australia. Mwaka 1841, ndani ya meli Rajah, wanawake hao waliunganisha vipande zaidi ya 2,800 wakapata shuka moja kubwa la viraka. Lipo hadi leo katika jumba la sanaa la taifa la Australia. Fry alifariki mwaka 1845.

Sasa namjibu jamaa yangu wa hosteli. Boom likichelewa, tudai boom, na mimi nitakuwa mstari wa mbele. Ila mwanamke anayetoka gerezani bila ujuzi wowote anarudi mtaani kwetu, kwa watoto wake, na njaa ileile iliyompeleka ndani. Kumnyima yeye sindano hakutaleta boom hata siku moja mapema.

Nami nikipewa darasa, liwe la shule au la gerezani, nitaanza alipoanzia Fry: kuwauliza kwanza wanaojifunza.