Bibi Nusaiba r.a.: Muuguzi Aliyepoteza Mkono

Ndugu msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale walioingia katika Islam hivi karibuni, au ungali ukichunguza kabla ya kuamua. Kama ndivyo, bila shaka umekwisha kusikia ikisemwa kwamba dini hii imemfungia mwanamke nyuma ya mlango na kwamba kazi zake hazina hesabu mbele ya Mungu. Pengine pia umeona jinsi watu wanavyomtendea mtu aliyekatika mkono au mguu. Hutafutiwa pa kukaa, husemeshwa kwa sauti ya huruma, na tangu siku hiyo hapewi tena kazi yo yote ya maana. Basi nisikilize nikueleze habari za bibi mmoja wa Madina, ambaye jina lake linajulikana mno katika historia yetu lakini habari zake hazisomwi kama zinavyostahili kusomwa.

Jina lake ni Nusaiba binti Kaab, na watu walimwita Umm Ammara. Alikuwa wa ukoo wa Banu Najjar katika kabila la Khazraj, ukoo uleule aliotoka mama yake Abdul Muttalib, babu yake Mtume Mtukufu s.a.w. Kwa mumewe wa kwanza, Zaid bin Asim, alipata wana wawili, Abdullah na Habib, nao wote wawili utawaona tena katika habari hizi. Baadaye aliolewa na Ghazia bin Amr.

Mwaka 622, kabla Mtume s.a.w. hajahama Makka, watu wa Madina walimwendea kwa siri usiku mahali paitwapo Akaba, karibu na Mina, wakafunga naye ahadi ya kumlinda kama wanavyowalinda watu wa nyumbani mwao. Walikuwa wanaume zaidi ya sabini na wanawake wawili tu. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Nusaiba. Tafadhali uliweke jambo hili moyoni, ndugu msomaji, kwani yote yaliyofuata katika maisha ya bibi huyu yalitoka katika usiku ule. Hakuitwa na mtu kumwakilisha mumewe. Alitoa ahadi yake mwenyewe kwa ulimi wake, na Mtume s.a.w. akaipokea.

Miaka mitatu ikapita, na katika mwaka 625 jeshi la Makka la watu kama elfu tatu likaja mpaka mlima wa Uhud, nje kidogo ya Madina. Waislamu walikuwa kama mia saba. Bibi Nusaiba alitoka nyumbani mapema asubuhi pamoja na mumewe na wanawe wawili. Hakuchukua silaha. Alichukua kiriba cha maji, na kiunoni alijifunga vitambaa alivyokwisha kuvitayarisha kwa ajili ya majeraha. Kazi aliyoiendea ilikuwa uuguzi.

Usidhani kwamba kazi hii ilikuwa ya pembeni. Siku hiyohiyo Bibi Aisha r.a. na Umm Sulaim r.a. walibeba viriba mgongoni wakienda na kurudi kuwanywesha majeruhi. Bibi Fatima r.a. alipoona kwamba damu ya baba yake haikomi kwa maji, alichoma kipande cha mkeka, akaweka majivu yake juu ya jeraha, na damu ikakoma. Umm Atiyya r.a. alisafiri na majeshi mara saba, akipika na kuuguza. Na Rufaida r.a. wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake la kutibia katika msikiti wa Mtume s.a.w., na humo ndimo alimolazwa Saad bin Muadh r.a. alipochomwa mshale mkononi katika vita vya Handaki, mwaka 627. Hospitali ndani ya msikiti! Wale wanaodhani kwamba msikiti ni mahali pa kuinama na kuinuka tu, na waifikirie habari hiyo.

Mwanzoni mwa siku ya Uhud Waislamu walikuwa wakishinda, na Bibi Nusaiba alikuwa akinywesha na kufunga. Kisha wapiga mishale wengi waliowekwa kulinda njia ya mlimani wakaacha mahali pao, wapanda farasi wa Makka wakazunguka nyuma, na safu zikavunjika. Ilifika saa ambapo waliobaki karibu na Mtume s.a.w. hawakuzidi watu kumi hivi. Bibi Nusaiba akatupa kiriba. Hakuwa na ngao. Mtu mmoja aliyekuwa akirudi nyuma akaambiwa na Mtume s.a.w. amwachie ngao yake anayepigana, akaitupa chini, naye akaiokota. Tangu hapo akasimama mbele ya Mtume s.a.w. pamoja na mumewe na wanawe.

Katika mapambano hayo mwanawe Abdullah alipigwa katika mkono wa kushoto, na damu ikawa haikatiki. Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi hulirudia kila nisomapo habari hizi. Mama huyu aliacha kupigana, akamjia mwanawe, akafungua kitambaa kiunoni, akalifunga jeraha vizuri, huku Mtume s.a.w. amesimama akimtazama. Alipomaliza akamwambia mwanawe ainuke arudi vitani. Mtume s.a.w. akastaajabu, akasema kwamba ni nani awezaye kuyastahimili anayoyastahimili Umm Ammara. Punde akatokea yule aliyemjeruhi kijana, na Mtume s.a.w. akamwonyesha mama. Alimpiga muundi, akaanguka.

Kisha akaja Ibn Kamia akimtafuta Mtume s.a.w. ili amwue. Bibi Nusaiba akasimama njiani. Alimpiga mapigo kadhaa, lakini adui yule alikuwa amevaa deraya mbili, naye akampiga bibi begani pigo lililoacha shimo. Safari hii Mtume s.a.w. alimwita mwana akamfunge mama yake. Naye bibi, damu ikimtoka, aliomba jambo moja tu: Mtume s.a.w. awaombee yeye na watu wa nyumba yake wawe pamoja naye Peponi. Aliposikia dua ile imeombwa, alisema kwamba sasa hajali tena litakalompata duniani.

Alikuwa na majeraha kumi na mawili. Kesho yake ikatangazwa kuwafuata adui mpaka Hamra al-Asad, naye akajikaza nguo zake ili atoke, lakini damu haikumruhusu. Wenzake wakakesha wakimwuguza. Mtume s.a.w. aliporudi kutoka huko, kabla hajafika nyumbani kwake, alimtuma ndugu yake Bibi Nusaiba akaulize hali yake, akafurahi alipoambiwa kwamba yu salama. Jeraha la begani lilitibiwa mwaka mzima. Muuguzi akawa mgonjwa kwa mwaka, na hakuna aliyemhesabu kuwa mzigo.

Alipopona, alikuwako Hudaibiya mwaka 628, na Khaibar, na Hunain mwaka 630. Inapokewa pia katika Hadithi kwamba ni yeye aliyemwendea Mtume s.a.w. akamwambia kwamba anaona mambo yote yanatajwa kwa wanaume, na wanawake hawatajwi. Ndipo ikateremka aya ya sura Al-Ahzab (33:36), ambamo wanaume na wanawake wametajwa pamoja katika sifa kumi, mmojammoja, kisha wote wakaahidiwa msamaha na malipo makubwa. (Riwaya nyingine yasema aliyeuliza ni Bibi Umm Salama r.a.; na si ajabu wote wawili waliuliza.) Ewe dada unayechunguza, angalia kwamba swali hilo halikukemewa, Mungu Mwenyewe alilijibu.

Sasa tufike kwenye mkono wake. Musailima wa Yamama alidai utume katika siku za mwisho za Mtume s.a.w., akamwandikia barua akitaka kugawana naye nchi. Wajumbe wake walikuja Madina na wakarudi salama. Wako wanaosema kwamba Musailima alipigwa vita kwa sababu ya dai lake tu. Sivyo. Mtume s.a.w. alilijua dai hilo, wala hakupeleka jeshi. Baada ya Mtume s.a.w. kufariki mwaka 632, Musailima aliongoza maasi ya silaha dhidi ya serikali ya Waislamu. Na Habib, mwana wa Bibi Nusaiba, akaingia mikononi mwake. Wengine wasema alikuwa njiani akirudi kutoka Oman. Musailima alimwuliza kama anashuhudia kwamba Muhammad ni Mtume wa Mungu, akakubali. Akamwuliza kama anashuhudia hivyo kwa ajili ya Musailima, akajibu kwamba hasikii. Kwa kila jibu alikatwa kiungo, mpaka akafa. Basi niambie, ndugu msomaji, ni nani hapo aliyelazimisha watu dini?

Habari zikamfikia mama yake Madina. Khalifa wa kwanza, Seyidna Abubakar r.a., alipokuwa akipeleka jeshi chini ya Khalid bin Walid r.a., mama huyu aliomba ruhusa ya kwenda, akapewa, akatoka na mwanawe Abdullah. Vita vya Yamama vilikuwa vikali kupita vyote vilivyotangulia. Mahafidhi wengi wa Kurani Tukufu waliuawa humo. Bibi Nusaiba aliingia katika bustani alimojificha Musailima, akimtafuta. Mtu mmoja akamkabili, akampiga upanga, na mkono wake ukakatika. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba hakusimama, bali aliendelea mpaka alipomwona Musailima amekwisha anguka, na mwanawe Abdullah akifuta upanga kwa nguo yake. Maana Wahshi alimrushia mkuki na Abdullah akampiga kwa upanga. Ndipo mama akasujudu kumshukuru Mungu. Alirudi kambini na majeraha mengine kumi na moja.

Vita vilipokwisha, Khalid r.a. alimletea tabibu wa Kiarabu. Tabibu akakitibu kigutu kwa mafuta yanayochemka, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuzuia damu. Bibi alisimulia kwamba maumivu ya mafuta yale yalipita maumivu ya upanga. Lakini alimsifu Khalid kwamba alikuwa akija mara kwa mara kumwangalia, akijua haki ya wanawake wale na kuukumbuka usia wa Mtume s.a.w. juu yao. Na huko Madina, Abubakar r.a., ambaye wakati ule alibeba mzigo wa ukhalifa na maasi ya makabila, alionekana akienda mwenyewe kumjulia hali.

Mtu aliyepata kufunga jeraha anajua kwamba ni kazi ya mikono miwili: mmoja hubana, mwingine huzungusha kitambaa. Muuguzi akipoteza mkono, amepoteza chombo chake cha kazi. Ungedhani hadithi ya Nusaiba muuguzi ingekomea hapo. Lakini yako masimulizi kwamba watu waliendelea kumletea wagonjwa wao, naye akawapitishia kigutu kile na kuwaombea dua, na wengi wakapata nafuu. Hapa nina neno la tahadhari. Katika nchi zetu mtu akisikia habari kama hiyo mara moja hukumbuka hirizi na makombe. Mkono ule haukuwa hirizi. Aponyaye ni Mwenyezi Mungu peke yake, na kilichokuwa kikifanya kazi ni dua ya mja aliyejaribiwa akasubiri. Mimi naona zaidi jambo jingine: watu wa Madina hawakumficha wala hawakuona mkosi katika kiungo kile. Mgonjwa aliwekwa mbele ya mtu aliyejua ugonjwa ni nini.

Kazi yake nyingine ilikuwa kufundisha. Umm Saad binti Saad bin Rabii r.a. alimwendea, akaliona shimo la begani, akamwuliza habari za Uhud. Akamwona na mkono uliokatika, akamwuliza habari za Yamama. Mengi tunayoyajua leo tumeyapata kwa maswali ya namna hiyo. Hali kadhalika alisimulia jinsi Mtume s.a.w. alivyomtembelea nyumbani, akamwandalia chakula, na alipotakiwa naye ale akasema amefunga, Mtume s.a.w. akamweleza kwamba malaika humwombea mwenye kufunga ambaye wengine wanakula mbele yake.

Huenda utaniuliza kama nakutaka uchukue upanga. Hapana. Vita vile vilikuwa vya kujilinda na vya kuzima maasi, na Masihi Aliyeahidiwa a.s. ametufundisha kwamba jihadi ya zama hizi ni ya kalamu na ya kuitengeneza nafsi. Lakini vitambaa vile vya kiunoni havikupitwa na wakati. Khalifa wa tatu, Hazrat Mirza Nasir Ahmad r.h., alipoanzisha mpango wa Nusrat Jahan mwaka 1970, hospitali zikajengwa Afrika Magharibi, na katika wodi zake kazi ya kunywesha na kufunga imekuwa ileile.

Katika ukhalifa wa Seyidna Umar r.a. zililetwa Madina nguo za thamani, na moja kati yake ilikuwa pana na nzuri mno. Baadhi ya watu wakataja bei yake, na mmoja akashauri apelekewe Safia binti Abi Ubaid, mke wa Abdullah mwana wa Khalifa, aliyekuwa bibi arusi wa karibuni. Umar r.a. akasema kwamba yuko anayestahili kuliko huyo. Aliwaeleza kwamba alimsikia Mtume s.a.w. akisema kuwa siku ya Uhud hakugeuka kulia wala kushoto ila alimwona Umm Ammara akipigana mbele yake. Akaamuru nguo ile ichukuliwe ikapelekwe nyumbani kwa Nusaiba binti Kaab.