Lenglen: Bingwa aliyefunzwa wepesi kwa kitambaa cha mkono

WENGI hudhani kwamba wepesi wa mwili ni kipaji ambacho mchezaji huzaliwa nacho. Maisha ya Suzanne Lenglen, malkia wa tenisi kutoka Ufaransa, yanatoa ushahidi tofauti.

Alizaliwa jijini Paris mnamo Mei 24, 1899. Utotoni alisumbuliwa na pumu, na babake, Charles, akaona heri binti huyo anyooshe viungo kwenye hewa safi. Mnamo 1910 alimnunulia raketi. Punde si punde mzee huyo, ambaye mwenyewe hakuwa bingwa wa mchezo huo, akageuka mwalimu asiye na mzaha.

Alikuwa akitandaza kitambaa cha mkono kwenye pembe ya uwanja na kumwamuru bintiye akilenge kwa mpira, kisha akikihamishia pembe nyingine. Zoezi hilo laonekana kuwa la mkono, lakini kwa hakika lilikuwa la miguu. Mpira hauendi unakotakiwa iwapo mchezaji hajafika mahali pake mapema, akasimama imara, akapiga na kugeuka tayari kwa mpira unaofuata. Charles alimpambanisha pia na wanaume ili azoee kasi yao. Huko Nice, ambako familia ilikuwa ikikaa majira ya baridi, Suzanne alijifunza densi, na alama zake zilionekana baadaye katika miruko yake.

Mnamo 1914, akiwa na umri wa miaka 15, alitwaa ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo. Vita Vikuu vikamsimamisha hadi 1919, alipokwenda Wimbledon na kukutana na Dorothea Lambert Chambers, Mwingereza aliyekuwa ameshinda taji hilo mara saba. Mara mbili Suzanne alibakiza pointi moja tu ashindwe. Alijinasua na kushinda 10-8, 4-6, 9-7.

Mavazi yake siku hiyo yalizua minong'ono: mikono mifupi, sketi isiyofika vifundoni, wala hakujifunga vazi la kubana kiuno. Waliomlaumu hawakutambua kwamba mwili uliofungwa hauwezi kuruka. Katika Olimpiki ya Antwerp mnamo 1920, alishinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja huku akipoteza gemu nne pekee katika seti kumi.

Hata hivyo, mafunzo hayo yalikuwa na gharama. Charles alikuwa mkali, na Suzanne alizoea kumtazama jukwaani kila alipobanwa. Mnamo 1921 alisafiri Marekani bila babake. Akiwa mgonjwa, alipoteza seti ya kwanza mbele ya Molla Mallory na kuondoka uwanjani akilia. Huko ndiko kushindwa kwake pekee katika mechi za mmoja mmoja kati ya 1919 na 1926.

Februari 1926, mjini Cannes, alimlaza Mmarekani Helen Wills 6-3, 8-6. Miezi michache baadaye alijiondoa Wimbledon kufuatia mzozo wa ratiba uliomwacha Malkia Mary akimsubiri bure, kisha akajiunga na tenisi ya kulipwa.

Baada ya kustaafu alifungua shule ya tenisi Paris. Alifariki Julai 4, 1938 kutokana na maradhi ya upungufu wa damu, akiwa na umri wa miaka 39. Kombe la bingwa wa wanawake katika mashindano ya Roland Garros lina jina lake.