CHAPMAN: Fundi wa Hornsey aliyebadili miguu ya magari ya mbio

MTAJIE shabiki wa Arsenal jina la Chapman, akili yake itakwenda moja kwa moja kwa Herbert Chapman, yule kocha mwenye sanamu nje ya Uwanja wa Emirates, aliyeibeba timu hiyo kwa mfumo wa WM miaka ya 1920 na 1930.

Lakini London Kaskazini ina Chapman mwingine. Huyu hakuhangaika na mpira. Maisha yake yote alihangaika na springi, shokapu na rimu, na mpaka anafariki Desemba 1982 timu yake ya Lotus ilikuwa imebeba mataji saba ya dunia ya watengenezaji kwenye Formula 1, huku madereva wake wakitwaa ubingwa wa dunia mara sita.

Ni rekodi ya kutisha. Ila nyuma yake kuna makaburi pia, na ndiyo maana hadi leo jina lake likitajwa, mashabiki wa mbio za magari hugawanyika kama watani wa jadi.

ALIANZIA GEREJI YA MKWE

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa Mei 19, 1928, Richmond, Uingereza. Alikulia Hornsey, eneo lililo jirani na Tottenham, ambako baba yake alikuwa akiendesha baa ya Railway Hotel.

Mwaka 1945 aliingia Chuo Kikuu cha London, UCL, kusomea uhandisi wa majengo na madaraja. Darasani hakuwa mtulivu. Alijifunza kurusha ndege, na muda mwingine alikuwa akinunua magari ya mkononi na kuyauza kwa faida.

Biashara ikakata ghafla mwaka 1947 baada ya serikali kufuta mgao wa petroli kwa magari ya watu binafsi. Nani anunue gari lisilo na mafuta? Chapman akabaki na Austin Seven moja kuukuu ambayo haikupata mteja.

Wengine wangeliuza kama chuma chakavu. Yeye akalisukuma mpaka gereji ya nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake, Hazel Williams, akalivua bodi na kuanza upya kwa mbao nyepesi zilizobandikwa bati la alumini. Mwaka 1948 gari likawa tayari kwa mashindano ya kupanda vilima vya matope. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza.

Mtihani wa mwisho wa hesabu ulimshinda mara ya kwanza, akarudia na kupata shahada yake mwaka 1949. Januari 1952 kampuni ya Lotus ikaanza rasmi kwenye banda la farasi nyuma ya baa ya baba yake, mtaji ukiwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel. Miaka miwili baadaye wakaoana.

SIRI ILIKUWA MIGUUNI

Enzi hizo aliyetaka gari liende kasi alitafuta injini kubwa. Chapman hakuwa na hela ya injini kubwa, hivyo akahamia kwenye miguu ya gari, yaani springi, shokapu, ekseli na rimu.

Hesabu yake inaeleweka kirahisi kwa mtu wa mpira. Mpe winga begi la kilo mbili mgongoni, atakimbia. Mfunge kilo hizohizo kwenye viatu, hafiki popote. Gari nalo liko hivyo. Rimu, tairi, breki na ekseli ndivyo viatu vyake, kwa sababu uzito wake haubebwi na springi. Gurudumu zito likigonga tuta hurushwa juu na kuchelewa kurudi chini. Tairi lisilogusa lami halina breki wala kona.

Kwa hiyo kila gramu aliyoipunguza kwenye gurudumu aliihesabu kama bao.

Jambo la pili lilikuwa ulaini. Mafundi wengi wa wakati huo walikaza springi wakidhani gari gumu ndilo lenye kasi. Chapman akageuza kibao. Fremu ndiyo iwe ngumu isipinde, springi ziwe laini, shokapu zifanye kazi ya kulituliza gari. Ni kama timu yenye mabeki wa kati wasioyumba: mabeki wa pembeni wanapata uhuru wa kupanda watakavyo.

Mwaka 1957 mawazo hayo yalionekana wazi kwenye Lotus 12. Rimu za nyaya ziliwekwa kando, zikaja rimu za magnesiamu zilizomiminwa kwa kalibu, uso wake ukipindapinda kama wimbi. Wengi walidhani ni urembo. Kumbe mawimbi yale yalisambaza nguvu, rimu ikawa nyembamba na nyepesi bila kuvunjika.

Nyuma ya gari akaweka nguzo ndefu iliyounganisha springi na shokapu mahali pamoja, na ile shafti inayozungusha gurudumu akaipa kazi ya pili ya kulishika lisiyumbe pembeni. Kipuri kimoja, kazi mbili. Mpaka leo mafundi wanaiita nguzo ya Chapman.

Mwaka huohuo akaonyesha Lotus Elite, gari la barabarani lililojengwa lote kwa faibaglasi, likitumia nguzo hizohizo nyuma. Mwaka 1962 ikafuata Elan, kigari kidogo chenye uti wa mgongo wa chuma na springi laini, ambacho wapenzi wa magari ya zamani bado wanakisaka kwa namna kinavyokata kona.

CORTINA YAMPA SOMO

Ford walimpa Chapman kazi ya kuichukua Cortina, gari la familia la kupelekea watoto shule, na kuigeuza kuwa ya mashindano.

Alifanya kile ambacho kijana yeyote mwenye gari la zamani leo anatamani kufanya. Alilishusha, akaweka rimu pana zaidi na injini ya Lotus yenye shafti mbili za valvu. Nyuma akang'oa springi za majani na kuweka za mzunguko, zikiwa na fremu ya umbo la herufi A iliyoshikilia ekseli kwa chini.

Kwenye lami gari lilikuwa moto. Jim Clark alibeba nalo ubingwa wa magari ya saluni wa Uingereza mwaka 1964, akikata kona huku gurudumu moja la mbele likiwa hewani. Mwaka huohuo huku kwetu Cortina ya kawaida ya GT, ikiendeshwa na Peter Hughes na Billy Young, ilishinda mbio za East African Safari.

Lakini ile fremu ya A ilileta balaa. Nguvu yote ya nyuma iliishia kwenye difu, difu ikalegea na kuvuja, mafuta yakaharibu bushi. Mwaka 1965 springi za majani zikarudishwa.

Somo lake linamhusu kila anayeboresha gari la zamani. Ukibadilisha kipuri kimoja, mzigo hauishi, unahamia kipuri kingine. Ukiweka rimu pana na tairi lenye kushika zaidi, beringi, ekseli na fremu nazo zitaulizwa swali ambalo hazikuwahi kuulizwa kiwandani.

Kwa Cortina swali hilo lilimwaga mafuta. Kwenye Formula 1 lilimwaga damu.

KIJANI NA NJANO

Mwaka 1966 Lotus ilihamia Hethel, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa kivita karibu na mji wa Norwich. Huko timu ya mpira, Norwich City, huvaa kijani na njano. Magari ya Clark nayo yalikuwa ya kijani yenye mstari wa njano. Shabiki wa Yanga angejisikia nyumbani.

Clark na Chapman walikuwa kama kocha na nahodha wake. Mwaka 1962 Chapman alileta Lotus 25, gari ambalo bodi yake ndiyo iliyokuwa fremu, na Clark akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1963 na 1965. Mwaka 1965 huohuo walivuka bahari na kushinda Indianapolis 500, Marekani.

Kila dereva wake aliposhinda, Chapman aliruka kwenye lami na kurusha kofia yake nyeusi hewani. Ilikuwa staili yake ya kushangilia bao.

Aprili 7, 1968, Clark alifariki Hockenheim, Ujerumani, kwenye mbio za Formula 2. Inaaminika tairi la nyuma liliisha upepo, gari likaingia kwenye miti. Chapman alivunjika moyo.

SHAFTI YA MONZA

Mwaka uliofuata, Barcelona, Lotus mbili zilipata ajali kwenye mbio moja baada ya mabawa yake ya nyuma kuvunjika. Mmoja wa madereva alikuwa Jochen Rindt. Baada ya hapo alimwandikia Chapman barua akilalamika kuwa magari yake yalikuwa mepesi kupita kiasi, na kwamba imani yake nayo ilikuwa karibu kuisha.

Hata hivyo alibaki. Mwaka 1970 ikaja Lotus 72, moja ya magari bora kuwahi kutokea. Ili kuyapunguzia magurudumu uzito, Chapman alizihamisha breki za mbele kutoka kwenye gurudumu hadi ndani ya gari, zikaunganishwa kwa shafti. Kwa hesabu za viatu vyepesi, lilikuwa wazo la kipaji.

Rindt akashinda mbio nne mfululizo na gari hilo.

Septemba 5, 1970, Monza, akiwa anafunga breki kwenye mazoezi kabla ya kona ya mwisho, shafti ya breki ya mbele kulia ilikatika. Gari liliingia kwenye vyuma vya pembeni na Rindt akapoteza maisha. Pointi zake hazikufikiwa na mtu, akawa bingwa wa dunia akiwa tayari kaburini. Hadi leo ni yeye peke yake.

Wanaomlaumu Chapman hushika hapo, na si rahisi kuwajibu. Wanaomtetea husema magari yote ya enzi hizo yaliua, na kwamba madereva waliendelea kupanga foleni kutaka kiti chake. Yote mawili ni kweli.

KOFIA YA MWISHO

Mwaka 1978 Mario Andretti alikuwa bingwa na Lotus 79, gari lililotumia upepo wa chini ya sakafu kujinyonya kwenye lami. Huo ukawa ubingwa wa mwisho. Mwisho wa uhai wake ulitiwa doa na kashfa ya fedha za gari la DeLorean, ambalo Lotus ililiboresha. Mamilioni yalipotea njiani, na mwaka 1992 aliyekuwa mhasibu wake, Fred Bushell, alifungwa jela. Chapman hakuwepo kujibu.

Agosti 1982, Austria, Elio de Angelis alimshinda Keke Rosberg kwa tofauti ya sekunde 0.05 tu. Kofia nyeusi ikapaa. Haikupaa tena.

Desemba 16, 1982, Chapman alifariki kwa shambulio la moyo akiwa na miaka 54. Siku hiyohiyo, kwenye uwanja wa Snetterton, mafundi wake walikuwa wakilijaribu kwa mara ya kwanza gari la Formula 1 ambalo miguu yake iliongozwa na kompyuta, ikijipandisha na kujishusha yenyewe kulingana na barabara.

Miaka mitano baadaye, Monaco 1987, kijana wa Brazil aitwaye Ayrton Senna alishinda akiwa na Lotus ya njano yenye mfumo huo. Lilikuwa gari la kwanza la aina hiyo kushinda Formula 1, na mwenye wazo hakuwepo kurusha kofia.