Labouchere: Mbunge aliyehoji gharama ya Reli ya Uganda

REATI za kwanza za Reli ya Uganda zililazwa Mombasa mwezi Mei mwaka wa 1896, miezi kadhaa kabla ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya kutoa pesa za kuijenga. Mswada ulipofika mbele ya wabunge mjini London, serikali ilikuwa na wingi wa viti na haikuwa na shaka kwamba ungepita.

Hata hivyo, kwenye viti vya upinzani alikuwapo mzee wa miaka 64 aliyekataa kunyamaza. Henry Du Pré Labouchere, mbunge wa Northampton, alitaka kujua reli hiyo ingegharimu kiasi gani, ingebeba mizigo gani na ni nani ambaye hatimaye angeilipia.

Labouchere alishindwa. Mswada ulipita, reli ikajengwa, na kando yake ukazaliwa mji wa Nairobi. Lakini katika historia ya matumizi ya pesa za umma Afrika Mashariki, ni vigumu kumpata mtu aliyewahi kuuliza swali hilo mapema kuliko yeye, au kuliuliza kwa ukaidi kama wake.

Alizaliwa London mnamo Novemba 9, 1831, katika ukoo wa Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa ambao ulikuwa umejitajirisha kwa biashara ya benki. Babu yake, Pierre-César Labouchère, alikuwa mshirika katika benki ya Hope, mojawapo ya benki kubwa za Ulaya wakati huo. Ami yake, ambaye pia aliitwa Henry Labouchere, alipanda ngazi za siasa hadi akawa waziri wa makoloni na kutunukiwa cheo cha Baron Taunton.

Kijana huyo hakuonyesha dalili zozote za kufuata nyayo hizo. Alisoma katika shule ya Eton kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako aliandamwa na madeni ya kamari ya maelfu ya pauni. Aliondoka chuoni bila shahada baada ya kudaiwa kufanya udanganyifu katika mtihani.

Jamaa zake walimpeleka ng'ambo ili atulie, naye akazidi kutangatanga. Nchini Mexico aliandamana na kundi la sarakasi, na huko Marekani aliishi kwa miezi kadhaa miongoni mwa Wahindi Wekundu wa kabila la Ojibwe. Mnamo 1854 aliingizwa katika utumishi wa kibalozi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi huku akiwaudhi wakubwa wake kwa dhihaka zake. Ilipofika 1864, kazi hiyo ilikuwa imekwisha.

Mwaka uliofuata alichaguliwa mbunge wa Windsor, lakini ushindi huo ukabatilishwa kufuatia kesi ya uchaguzi. Akarudi Bungeni mnamo 1867 kwa tiketi ya Middlesex, akapoteza kiti hicho mwaka mmoja baadaye. Ami yake alipofariki mnamo 1869 bila mtoto wa kiume, Labouchere alirithi mali nyingi. Tangu siku hiyo hakuhitaji mshahara wa serikali wala hisani ya chama.

Uhuru huo wa mfuko ndio uliomfanya kuwa mwandishi asiyeogopa. Akiwa mmoja wa wamiliki wa gazeti la Daily News, alikwama mjini Paris wakati majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji huo mnamo 1870. Barua zake kuhusu njaa na maisha ya wakazi, zilizotolewa mjini kwa maputo ya hewa, ziliongeza mauzo ya gazeti hilo na kumpa jina.

Mnamo Januari 1877 alianzisha jarida lake mwenyewe, Truth. Humo aliwafichua matapeli wa mashirika bandia ya hisani, wakopeshaji waliowanyonya maskini na kampuni zilizouza hisa zisizo na thamani. Alishtakiwa mahakamani mara nyingi kwa kuharibu majina ya watu, na badala ya kumvunja moyo, kesi hizo zilimwongezea wasomaji.

Mwaka wa 1880 wapigakura wa Northampton, mji wa mafundi wa viatu, walimpeleka Bungeni pamoja na Charles Bradlaugh, mwanasiasa aliyejulikana kwa kutoamini kuwepo kwa Mungu. Labouchere angeshikilia kiti hicho kwa miaka 26.

Bungeni alijitwika jukumu la mlinzi wa hazina. Mnamo 1889 aliongoza upinzani dhidi ya pendekezo la kuwatengea wajukuu wa Malkia Victoria pesa zaidi kutoka kwa mlipa ushuru. Malkia hakusahau. Chama cha Liberal kiliporudi mamlakani mnamo 1892, Labouchere alitarajia kuteuliwa waziri, lakini Malkia hakutaka kumwona katika baraza, naye Waziri Mkuu William Gladstone akamwacha nje.

Ni katika kipindi hicho ambapo masuala ya Afrika Mashariki yalifika mezani. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa kibali cha kifalme mnamo 1888 kuendesha biashara na utawala katika eneo hili, ilikuwa imeishiwa pesa na kutaka kuondoka Uganda. Serikali ilikuwa tayari imegharimia upimaji wa njia ya reli, kazi iliyoongozwa na Kapteni James Macdonald kati ya 1891 na 1892.

Labouchere alitaka Uingereza ijiondoe. Mnamo Machi 1893 aliwasilisha hoja ya kupinga matumizi ya pesa za umma nchini Uganda, ingawa serikali ilikuwa ya chama chake mwenyewe. Hoja ilianguka vibaya, kwa kuwa wabunge wengi wa pande zote mbili walikwisha kukubali kwamba Uganda haiachiliki.

Mnamo Juni 1895 serikali hiyo ya Liberal ilitangaza kupitia kwa Sir Edward Grey kwamba reli ingejengwa. Siku chache baadaye ikaanguka, na mzigo wa mradi ukarithiwa na serikali ya Conservative chini ya Lord Salisbury. Labouchere, sasa akiwa upande wa upinzani, hakulazimika kubadilisha msimamo hata kidogo. Aliowakosoa ndio waliobadilika.

Mbele ya Bunge, msemaji wa serikali kuhusu mashauri ya kigeni alikuwa George Curzon, ambaye baadaye alikuja kuwa mtawala wa India. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: kukomesha biashara ya watumwa, kulinda chanzo cha mto Nile, kufungua masoko. Kiasi kilichoombwa kilikuwa pauni milioni tatu.

Labouchere alizipima sababu hizo kwa mizani ya mfanyabiashara. Katika nchi hiyo ya mbali, alisema, hapakuwa na bidhaa za kutosha kuilipia reli ya urefu wa zaidi ya kilomita 900. Aliuona mradi wote kuwa upuuzi mkubwa ambao mlipa ushuru wa Uingereza angelazimika kuubeba, na akatabiri kwamba makadirio ya kwanza hayangekuwa ya mwisho.

Kura ilipopigwa, wingi wa viti ulizungumza. Sheria ya Reli ya Uganda ilipita mnamo Agosti 1896.

Yaliyofuata yanajulikana sana nchini Kenya. Karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao wakafa kwa maradhi, ajali na sababu nyingine. Mnamo 1898 simba wa Tsavo walisimamisha kazi kwa majuma kadhaa. Reli ilifika Nairobi mnamo Mei 1899, ikiwa bado haijakabili Bonde la Ufa.

Pesa zilikuwa zimekwisha. Mwaka wa 1900 serikali ilirudi Bungeni kuomba karibu pauni milioni mbili zaidi. Labouchere alisimama tena. Safari hii hakuhitaji kutabiri, kwa maana hesabu za serikali yenyewe zilikuwa zimemtolea ushahidi. Nyongeza hiyo pia ilipitishwa, kwani reli iliyofika nusu ya safari ni hasara kuliko iliyokamilika. Ndiyo hoja ambayo kila serikali yenye mradi wa gharama kubwa huitegemea.

Reati ya mwisho ililazwa Kisumu, wakati huo ukiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Baada ya nyongeza nyingine, gharama yote ilifikia takriban pauni milioni tano na nusu.

Jina la Labouchere limefungamana na mradi huo kiasi kwamba hadi leo anatajwa kuwa ndiye mtunzi wa mashairi ya kejeli dhidi yake. Jina la reli ya wendawazimu lilienea zaidi kupitia kitabu cha Charles Miller, The Lunatic Express, kilichochapishwa mnamo 1971.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini Labouchere hakuwa malaika. Mnamo Agosti 1885, katika kikao cha usiku, alipenyeza katika mswada wa kuwalinda wasichana kifungu kilichoharamisha vitendo vya mapenzi kati ya wanaume. Ni kifungu hicho kilichotumiwa mnamo 1895 kumfunga mwandishi Oscar Wilde miaka miwili na kazi ngumu, na maneno yake yalisafiri hadi katika sheria za makoloni, Kenya ikiwemo.

Aidha, alipinga wanawake kupewa haki ya kupiga kura, na maandishi yake yalijaa chuki dhidi ya Wayahudi. Mnamo 1897 magazeti yalimshutumu kwa kulitumia jarida lake kuziponda kampuni ili bei ya hisa zao ishuke, kisha kuzinunua kwa bei ya chini. Mtu aliyedai majibu kutoka kwa kila waziri hakutoa jibu la kuridhisha, na heshima yake ikapungua.

Mwaka huo huo aliketi katika kamati ya Bunge iliyochunguza uvamizi wa Jameson nchini Afrika Kusini, ambako alimkabili Cecil Rhodes bila huruma. Vita vya Makaburu vilipoanza mnamo 1899, alivipinga, na umaarufu wake ukazidi kushuka.

Aliondoka Bungeni mnamo 1906 na kuhamia Florence, Italia, pamoja na mkewe Henrietta Hodson, aliyewahi kuwa mwigizaji maarufu. Alifariki huko mnamo Januari 15, 1912.

Kufikia wakati huo, swali lake kuhusu nani angeilipia reli lilikuwa limejibiwa kwa namna ambayo hakuwa ameisisitiza. Hofu yake kuu ilikuwa mlipa ushuru wa Uingereza. Mwafrika ambaye reli ilipita katika ardhi yake hakuwa na mbunge wa kumtetea, naye ndiye aliyetwikwa mzigo.

Mnamo 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ambayo leo ni Kenya, na sehemu yote ya reli hadi ziwani ikawa chini ya utawala mmoja. Mwaka huo huo sheria ya ardhi iliupa utawala wa kikoloni uwezo wa kuwagawia walowezi mashamba. Kamishna Charles Eliot aliwaalika Wazungu kwa kuamini kwamba kilimo chao ndicho kingeipa reli mizigo ya kubeba. Kodi ya nyumba ikaanzishwa, na wenyeji wakalazimika kutafuta vibarua ili kuilipa. Wanandi, waliopigana na reli na utawala ulioileta kwa miaka mingi, walimpoteza kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliyeuawa mnamo Oktoba 1905.

Labouchere alikuwa amesema kweli kwamba Uganda haikuwa na mizigo ya kutosha kuilipia reli. Alichoshindwa kukiona ni kwamba serikali ikikosa mizigo hutafuta watu wa kuizalisha, na ardhi ya kuwapa.

Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilipozinduliwa mnamo Mei 2017, ikiwa imejengwa kwa mikopo ya China, Wakenya walikuwa wamebishana kwa miaka mitatu kuhusu bei yake na mizigo ambayo ingeilipia. Safari hii walioulizana walikuwa wenyewe, Bungeni mwao. Maswali yalikuwa yale yale ya mbunge wa Northampton, na majibu yalicheleweshwa vile vile.