Józef Kosacki, injinia aliyewafungulia askari njia kati ya mabomu

Askari wengi waliorudi nyumbani salama kutoka Vita vya Pili vya Dunia hawakulijua jina la Józef Kosacki. Injinia huyo wa Poland ndiye aliyebuni kifaa cha kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba mikononi.

Kosacki alizaliwa mwaka wa 1909 katika mji wa Łapy, akasomea mambo ya umeme huko Warsaw. Wajerumani walipoivamia Poland mwaka wa 1939, alikuwa afisa wa jeshi. Nchi ilipoanguka alitoroka, akafika Uingereza na kujiunga na jeshi la Poland lililokuwa Scotland. Huko, mwaka wa 1941, alikamilisha kifaa chake pamoja na mwenzake Andrzej Garboś.

Kilikuwa na sahani kwenye ncha ya mti mrefu, na ndani yake nyaya za shaba, madini yale yale yanayochimbwa kutoka Likasi kupitia Mulungwishi hadi Kolwezi. Chuma kilichofichwa ardhini kikivuruga umeme wa nyaya hizo, askari husikia mlio masikioni.

Kabla ya hapo, askari walitambaa wakichomachoma udongo kwa visu vya bunduki. Mwezi wa Oktoba 1942, vifaa karibu 500 vya Kosacki vilitumika El Alamein, Misri, na kazi ya kufungua njia ikaenda kasi mara mbili.

Kosacki hakudai malipo. Aliwapa Waingereza kifaa hicho bure, na Mfalme George wa Sita akamwandikia barua ya shukrani. Lakini jina lake lilifichwa, maana jamaa zake walikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Vita vilipokwisha alirudi Poland, akafundisha na kuwa profesa. Alifariki mwaka wa 1990.

Kifaa chake kilikuwa na mipaka. Udongo mwekundu wenye chuma, kama ule wa Katanga, unaweza kukifanya kilie bila bomu kuwepo, na mabomu ya plastiki hukipita kimya. Ndiyo sababu leo mbwa hutumika pia, pamoja na panya wanaofunzwa Morogoro, Tanzania, kunusa baruti.

Hata hivyo, wanaosafisha mashamba yenye mabomu, hata hapa DRC, nchi iliyojiunga na mkataba wa Ottawa mwaka wa 2002, bado hutembea polepole wakisikiliza mlio ule ule.