Heinrich Dove: Bingwa wa hali ya hewa aliyegundua mdundo wa ubongoni

WENGI wanaotafuta usingizi kwa milio ya vipokea sauti vya masikioni hawamjui Heinrich Wilhelm Dove, mwanafizikia aliyezaliwa Oktoba 6, 1803 mjini Liegnitz, Prussia.

Alivuma kwa elimu ya hali ya hewa, akatunukiwa Medali ya Copley ya Uingereza mwaka 1853. Lakini ndiye pia aliyegundua kuwa sikio moja likisikia mlio wa mitetemo, tuseme, 400 kwa sekunde na jingine 410, msikilizaji husikia mdundo wa 10 usiokuwapo hewani, huundwa ubongoni.

Dove alifariki dunia Aprili 4, 1879 mjini Berlin. Ugunduzi huo ulivuta macho upya mwaka 1973 kwa makala ya Gerald Oster nchini Marekani, na biashara ikafuata.

Hata hivyo, matokeo ya utafiti yangali yanapingana kuhusu iwapo mdundo huo huongoza mawimbi ya ubongo.